Themanini na Tano kwa Moja na Sifuri

Mwaka ambao Mama alihamia kwangu Sekei, kilichonitia hofu hakikuwa mguu wake. Mguu ulivunjika, ukafungwa, ukaunga. Kilichonitia hofu ni kwamba aliacha kunikosoa.

Mama alifundisha hesabu shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Usa River. Alipostaafu aliacha mshahara tu, kufundisha hakuacha. Ukisema mbele yake kwamba msibani kulikuwa na watu kama mia mbili, anakuuliza umewahesabuje. Siku moja mchungaji alitangaza kanisani kwamba hiyo ni Jumapili ya nane tangu Pasaka, na Mama akanyoosha mkono akiwa kwenye benchi lake, akasubiri kwa adabu mpaka mchungaji akamwona, akasema, "Ya saba." Ilikuwa ya saba kweli. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani, yeye peke yake hakuona cha kuchekesha.

Basi, msimu wa mvua akateleza kwenye migomba, mguu wa kushoto ukavunjika juu ya kifundo. Akakaa hospitali, kisha mimi na kaka yangu tukaamua aje mjini. Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii Usa River, nina nyumba yangu Sekei, na watoto wangu wameshaondoka kila mmoja na maisha yake. Vyumba vilikuwa vitupu. Siku ninazokuwa kazini jirani yangu, mama wa kwaya mwenye sauti inayosikika mitaa miwili, alikuwa anakuja kukaa naye.

Mama hakulalamika, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alikaa karibu na dirisha la sebuleni, ambalo mawingu yakiondoka linakupa mlima wote, akatazama huko. Ukimwuliza amekula, anasema amekula. Ukimwuliza anataka redio, anasema washa ukitaka. Nikaanza kumtega. Nikamwambia, "Mama, daktari amesema turudi baada ya wiki mbili, yaani siku kumi na tano."

"Haya, mwanangu," akasema.

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko, sikumbuki nilikuwa nafuata nini. Mwanamke yule angeweza kukuamsha usingizini kukwambia kwamba wiki mbili ni siku kumi na nne. Jioni nikampigia kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Moshi. Nikamweleza. Kaka akasema, "Mwezi ujao anatimiza themanini na mitano. Tumfanyie sherehe. Hata akikasirika ni bora kuliko hivyo."

Siku ya kuzaliwa ya Mama inajulikana kwa hakika, kwa sababu babu yetu aliiandikisha kwenye kitabu cha ubatizo. Nilipomweleza mpango wetu nilitegemea atasema bethdei ni ya watoto, maana hivyo ndivyo alivyosema tulipotaka kumfanyia ya themanini. Safari hii akasema, "Fanyeni mnavyoona."

Keki niliioka mwenyewe, ya karoti, ndefu kama ubao wa kukatia mboga, nikaipaka krimu nyeupe. Asubuhi ya siku yenyewe, Jumamosi, nikashuka mjini kutafuta mishumaa ya namba, nane na tano. Karibu na soko kuna duka la vifaa vya keki ninalonunua siku zote. Anayeuza ni binti wa Kichaga, mchangamfu, anayejua kila mpishi wa mji huu na nani ameiga keki ya nani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe nane na tano."

Akavuta droo, akafungua boksi, akafungua lingine. Uso ukamshuka. "Mama, nina moja na sifuri tu."

"Tu?"

"Kuna shule ya chekechea ilikuwa inatimiza miaka kumi. Wakaniagiza moja na sifuri za kila darasa, nikaleta katoni nzima. Wamechukua nusu, wamesema zilizobaki ni zangu. Namba nyingine zote zimekwisha wiki hii." Akamimina mezani. Moja na sifuri, za dhahabu, nyingi, zinang'aa. "Labda nikupe ile mishumaa midogo midogo, themanini na mitano?"

Nikaiona picha ya keki yangu ikiwaka moto kama nyasi za kiangazi. Nikasema hapana. Nikawa nazitazama zile moja na sifuri, na ghafla nikasikia sauti ya Mama ya miaka ile, darasani, anasema: "Nani ataniandikia kumi na moja kwa moja na sifuri tu?"

Nilikuwa darasa la sita na yeye ndiye mwalimu wangu. Nyumbani alikuwa Mama, ukivuka geti la shule ni Mwalimu, na ole wako uchanganye. Alikuwa anatufundisha besi, yaani kuandika namba ile ile kwa mafungu tofauti. Siku zote tunahesabu kwa kumi: mamoja, makumi, mamia, kila nyumba, yaani nafasi ya tarakimu, ni mara kumi ya nyumba ya kulia kwake. Mwalimu akasema kumi imechaguliwa kwa sababu ya vidole, hakuna amri iliyotoka mbinguni. Unaweza kufunga vitu vitano vitano, saba saba, hata viwili viwili. Ukifunga viwili viwili, nyumba zako zinakuwa moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, na tarakimu unazohitaji ni mbili tu, sifuri na moja. Nyumba ina mtu au haina.

Njia ya kuandika ni rahisi. Unagawanya namba kwa mbili, unaandika baki, unagawanya tena, unaandika baki, mpaka uishiwe. Halafu unazisoma zile baki kuanzia chini kwenda juu. Mimi nilisoma kuanzia juu kwenda chini. Kumi na moja ikanipa 1101 badala ya 1011.

Mwalimu akanipa visoda mezani, vile vifuniko vya chupa za soda alivyokuwa anakusanya kwenye mkebe, akaniambia nivitoe kulingana na nilichoandika. Nane, nne, na moja. Kumi na tatu.

"Nilialika wageni kumi na mmoja," akasema. "Hawa wawili wametoka wapi?"

Darasa likacheka mpaka kengele. Kuanzia siku hiyo hesabu na mimi tukawa kama majirani wasiosalimiana. Nikaenda kwenye upishi, ambako kipimo changu ni kiganja na pua.

Sasa niko dukani, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, namwomba binti wa watu kalamu. Nikaandika nyuma ya karatasi ya risiti. Themanini na tano gawanya kwa mbili, arobaini na mbili baki moja. Arobaini na mbili, ishirini na moja baki sifuri. Ishirini na moja, kumi baki moja. Kumi, tano baki sifuri. Tano, mbili baki moja. Mbili, moja baki sifuri. Moja, sifuri baki moja.

Nikazitazama zile baki zilivyojipanga na nikaanza kutoka jasho, kwa sababu sikuweza kukumbuka. Zinasomwa kutoka juu au kutoka chini? Miaka arobaini na zaidi, na nimesimama mahali pale pale. Nikasoma kutoka juu: moja sifuri moja sifuri moja sifuri moja. Nikasoma kutoka chini: moja sifuri moja sifuri moja sifuri moja.

Nikasoma tena. Ilikuwa ile ile. Themanini na tano, ukiiandika kwa mbili, haina mbele wala nyuma. Nilicheka peke yangu pale dukani mpaka yule binti akaniuliza kama niko salama.

"Nipe moja nne na sifuri tatu," nikasema.

"Mama, bibi ana miaka mingapi kwani?"

"Themanini na mitano."

Akanitazama, akatazama mishumaa, akaifunga kwenye karatasi. Nadhani alinihurumia.

Wageni walianza kufika saa nane mchana. Kaka na mke wake kutoka Moshi, mchungaji wetu, jirani yangu na wenzake watano wa kwaya wakiwa na vitambaa vya rangi moja, ndugu zetu kutoka mlimani na ndizi zao, na mzee mmoja Mwarusha kutoka Terrat ambaye huniletea maziwa na ambaye Mama humsalimia kwa heshima kwa kuwa ni mtu wa maneno machache. Nilikuwa nimepika pilau na sufuria kubwa ya loshoro, mahindi na ndizi kwa maziwa mgando, chakula ambacho Mama hakikatai hata akiwa amekasirika. Walisali, wakala, wakaimba. Mama alikaa kwenye kiti chake amevaa gauni la bluu, anapokea mikono, anaitikia marahaba, na macho yake yako dirishani.

Nikaleta keki. Mishumaa saba imesimama mstari mmoja, 1010101, inawaka.

Wageni wakasogea kusoma. Halafu kaka yangu akasema, "Mbona mmemwekea Mama namba ya simu?"

Jirani yangu akainama akasoma kwa sauti yake ile: "Milioni moja, elfu kumi, mia moja na moja! Jamani, huyu amemzidi Methusela!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Hata mchungaji alishika tumbo. Mimi nilikuwa simtazami mtu yeyote zaidi ya Mama. Alikuwa amegeuza kichwa kutoka dirishani. Akavuta miwani mpaka kwenye ncha ya pua, akainama mbele, akanyoosha kidole kuelekea kila mshumaa kuanzia kulia, na midomo yake ikawa inatembea. Moja. Hakuna mbili. Nne. Hakuna nane. Kumi na sita.

"Nyamazeni," akasema.

Wakanyamaza. Ilikuwa ile sauti ya Mwalimu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua.

"Sitini na nne," akasema, "na kumi na sita, na nne, na moja. Themanini na tano. Ni sahihi." Akaniinulia macho. "Nani amekokotoa?"

"Mimi, Mwalimu," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

"Umesoma baki kutoka juu au kutoka chini?"

Nikajua siwezi kumdanganya. "Sikukumbuka, Mama. Nilisoma pande zote mbili."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta macho kwa upindo wa gauni. "Una bahati, mwanangu," akasema. "Ningekuwa nimetimiza themanini na mitatu usingepona."

Akazima mishumaa kwa pumzi mbili, na watu wakapiga makofi, lakini mawazo yake hayakuwa tena kwenye kula keki. Akachomoa sifuri zote tatu, akazilamba krimu moja moja, akaziweka kwenye sahani. Zikabaki moja nne.

"Hizi ulinunua za nini?" akaniuliza. "Ungefunga nne nne usingezihitaji. Nyumba zinakuwa moja, nne, kumi na sita, sitini na nne. Mshumaa mmoja kila nyumba. Moja moja moja moja, basi, themanini na tano."

Jirani yangu aliyeketi karibu naye hakuwa tayari kuiacha hivyo. "Bibi, subiri. Kwa hiyo umri wa mtu unaweza kuandikwa vingine?"

"Unaweza kuandikwa utakavyo. Umri haubadiliki, maandishi ndiyo yanayobadilika."

"Mimi nina sitini kamili. Niandike nipungue."

Mama akaagiza karatasi. Nikampa kalenda ya zamani, nyuma yake ni nyeupe. Akaeleza kwamba ukifunga mafungu madogo namba inarefuka, ukifunga makubwa inafupika, kwa hiyo mwenye kutaka kupungua na afunge makubwa. "Sitini kwa dazeni ni dazeni tano, hakuna baki. Tano sifuri. Inaonekana hamsini."

"Punguza zaidi!"

"Funga ishirini ishirini. Mafungu matatu, hakuna baki. Tatu sifuri."

"Thelathini!" Jirani yangu akasimama akazunguka sebule akitingisha mabega, wenzake wakapiga vigelegele. Baada ya hapo ikawa vurugu. Kila mtu anataja miaka yake, hata wale wanawake ambao huwa hawataji. Mchungaji akasema ana arobaini na minane. Mama akamfungia saba saba kwa sababu ya siku za wiki: sita na sita, sitini na sita. Mchungaji akaguna.

"Subiri mwakani," Mama akamwambia. "Mwakani ni saba mara saba. Utaandikwa moja sifuri sifuri."

"Mia!"

"Inasomwa moja, sifuri, sifuri. Mia ni ya watu wa kumi."

Kaka yangu akataka ajue besi itakayomfanya awe mdogo kuliko mimi, kwa kuwa ananizidi miaka mitatu. Akapendekeza yeye afungwe hamsini hamsini, mimi nibaki na kumi, ili yeye aandikwe kumi na tisa. Mama akamkata. "Besi moja kwa wote. Huyu ukimpima kwa kikombe na yule kwa ndoo, hujapima. Na kwa besi yoyote moja, wewe utabaki mkubwa wake, kwa hiyo mpishe akae, amesimama tangu asubuhi."

Ndipo yule mzee wa Terrat, ambaye alikuwa hajasema kitu zaidi ya salamu, akauliza taratibu, "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wafanyeje?" Mama akasema.

"Ng'ombe nao wanaandikika hivyo?"

"Wanaandikika."

"Basi niandikie kwa hayo mafungu makubwa. Wakwe zangu wanakuja Jumanne."

Nilicheka mpaka nikaweka chini birika la chai. Mama alimweleza kwa upole kwamba mkwe akiingia zizini ataona ng'ombe wale wale. Mzee akasema hilo analijua, ila angependa waanze na karatasi.

Nilidhani hapo yatakuwa yamekwisha. Lakini Mama alikuwa amepata moto. Akasema wengi wao wanacheka bila kuelewa, na akaagiza viti saba vipangwe mstari mmoja uani, kwenye nyasi. Kila kiti akakipa thamani yake: cha kulia kabisa moja, kinachofuata mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, na cha mwisho kushoto sitini na nne. Aliyekaa ni sifuri, aliyesimama ni moja.

"Sheria ni mbili," akasema, akiwa amesimama na fimbo yake mbele yao, mguu umemnyooka kana kwamba haukuwahi kuvunjika. "Wa kulia kabisa anabadilika kila ninapohesabu. Wengine, tazameni jirani yenu wa kulia. Akikaa, badilikeni. Kama umekaa simama, kama umesimama kaa. Jirani akisimama, usifanye kitu."

Mchungaji, kwa kujitolea kwake, akakaa kiti cha moja. Wanakwaya wanne wakachukua mbili, nne, nane na kumi na sita. Mzee wa Terrat akapewa thelathini na mbili ili asisumbuliwe mapema. Kaka yangu akawahi sitini na nne, akajikalia na sahani ya ndizi.

"Moja!" Mchungaji akasimama. "Mbili!" Akakaa, na mwanakwaya aliye pembeni yake akasimama. "Tatu!" Mchungaji juu. "Nne!" Mchungaji chini, mwenzake chini, jirani yangu juu, akiimba noti ndefu. Wakakosea saba, tukaanza upya. Wakakosea kumi na mbili, Mama akasema tuanzie pale pale. Kufika ishirini walikuwa wameshaingia kwenye mdundo, na wale wengine wa kwaya wakaanza kupiga makofi, na mstari ukawa unapanda na kushuka kama kitu kinachopumua.

Kwenye thelathini mchungaji alikaa na hakutaka kuinuka. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. "Mwalimu," akasema, "raundi hii peke yake nimeshasimama mara kumi na tano. Naomba uhamisho."

"Huyo ndiye anayejua kama namba ni shufwa au witiri," Mama akamjibu. "Kazi yake haina likizo." Halafu akanigeukia. "Mpishi, njoo."

Nikavua aproni nikakaa kiti cha moja. Thelathini na moja, nikasimama, na kwaya nzima imesimama pamoja nami. Thelathini na mbili, tukakaa wote kwa mpigo, na mzee wa Terrat akainuka polepole na fimbo yake.

"Nikae lini?" akauliza.

"Sitini na nne, mzee wangu. Utachoka?"

"Nimesimama na ng'ombe tangu utotoni," akasema, akaegemea fimbo, mguu mmoja juu ya mwingine.

Magoti yangu yalikuwa yanalia, krimu imenikauka mkononi, na nilikuwa nainuka na kukaa, kila namba, mbele ya mama yangu anayehesabu kwa sauti kubwa chini ya mlima uliokuwa wazi mpaka kileleni. Nilielewa kwa mwili wangu kitu ambacho sikukielewa nikiwa na kalamu. Wa kulia anachoka kwa kila kitu kinachotokea, na mwenzake anachoka nusu yake, na mwingine nusu ya hiyo, na huko mwisho kuna mtu anakula ndizi. Na wote hao kwa pamoja ni namba moja.

"Sitini na tatu!" Sisi sita tumesimama, tumenyooka. Kaka peke yake amekaa, anatafuna.

"Sitini na nne!"

Tulikaa wote kwa kishindo. Kaka akaruka, sahani ikamwendea mwanakwaya mapajani, akasimama peke yake mwisho wa mstari kama mtu aliyeitwa mahakamani. Watu walipiga kelele hadi wapita njia wakasimama getini kuuliza kuna nini. Mama alikuwa amejishika kwenye nguzo ya baraza kwa kicheko.

Tulifika themanini na tano. Nilisimama, wa kushoto kwangu amekaa, jirani yangu wa nne amesimama, wa nane amekaa, wa kumi na sita amesimama, mzee amekaa, kaka amesimama. Mama akapita mbele yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mstari, akigusa kila bega kwa ncha ya kidole, aliyesimama na aliyekaa.

"Huyu ndiye mimi," akasema.

Wageni walipoondoka, nikiwa naosha vyombo, Mama alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni. Nilimwambia nashukuru, watu ishirini wamekuja kwa ajili yake.

"Ishirini na watatu," akasema. "Na wiki mbili ni siku kumi na nne. Nilikusikia siku ile."

Nilijifanya natafuta kitambaa.

Jumatatu jirani yangu alikuja na daftari la mistari. Alisema anataka kuelewa kwa nini namba ikigawanyika kwa fungu lako huishia na sifuri, maana alikuwa ameamka nalo kichwani. Jumamosi iliyofuata walikuwa wanne barazani, iliyofuata sita, na kaka yangu akatuma ubao kutoka dukani kwake, uliopakwa rangi nyeusi vizuri. Wanajifunza besi, wanajifunza pia kugawanya kwa kirefu, jambo ambalo wengi wao walikuwa wameliacha shuleni kwa machozi. Mama hamcheki mtu. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Umekosea vizuri. Nionyeshe ulipita wapi."

Siku moja nikamtoa kazini kwake huko barazani nikamwuliza, mbona mimi alinicheka mbele ya darasa? Akasema aliogopa wazazi wengine wangesema anampendelea mtoto wake. "Nilikosea," akasema, kwa sauti ile ile anayosomea majibu. Kisha akaniuliza kama chai imeiva.

Mwezi uliopita nilichukua siku tatu za likizo, tukapanda kwetu mlimani. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu ateleze. Nilikuwa na wasiwasi kwamba akiona nyumba yake hatataka kurudi tena mjini, na nilikuwa nimejiandaa kukubali. Alitembea na fimbo katikati ya migomba, akalaumu jinsi ilivyopogolewa, akakaa kwenye kibaraza na watu wakawa wanakuja mmoja mmoja, wengi wao wakiwa na wajukuu, kumwambia shikamoo Mwalimu. Aliwapokea wote. Mpwa wangu anayeangalia shamba alimwonyesha chumba chake kilivyo safi, kitanda kimetandikwa, mlango umewekwa kitasa kipya.

Alikikagua, akakisifu. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta ameshafunga mkoba wake, amekaa nje juani na kofia yake kichwani.

"Tukitoka sasa," akasema, "tunafika kabla ya mchana. Kesho nina darasa, na sijasahihisha hata daftari moja."